Mwezi mzima Horohoro mpaka Msimbati kwa gari dogo, bila kampuni ya utalii: nianzie juu au chini?

#1 MtoroWaMjini

Habari wakuu.

Nimepata likizo ya mwezi, na safari hii sitaki kwenda kijijini kusuluhisha ugomvi wa mashamba. Mimi na mke wangu tunataka kuifuata pwani, kuanzia Horohoro mpakani mpaka Msimbati, karibu na Ruvuma inapomwagikia. Gari ni IST, limeshafanyiwa sevisi. Hakuna kampuni, hakuna mwongozaji, hakuna mtu wa kutugongea mlango saa kumi na moja alfajiri. Masharti yetu ni haya: jua likizama gari limeegeshwa, tukipapenda mahali tunalala tena, hoteli za kulipia dola hatuingii.

Najua lami yote ya Horohoro, Tanga, Segera, Chalinze, Dar, Kibiti, Nangurukuru, Lindi na Mtwara haifiki kilomita 1,100. Najua basi linaimaliza Dar–Mtwara kwa mchana mmoja. Hata hivyo nadai kwamba mwezi ni mdogo kwa pwani hii, na mwenye kupinga apinge.

Nipeni ushauri: nianzie kaskazini nishuke, au nianzie Mtwara nipande? Mwezi gani? Na IST itatoboa Pangani kwenda Bagamoyo kwa njia ya baharini, au nizunguke Segera kama watu wengine?

#2 Dereva wa Kusi

Mkuu, kilomita elfu kwa mwezi si safari, hiyo ni kuhama. Nimeshika usukani njia ya kusini muda mrefu. Wiki inatosha kabisa: Tanga siku mbili, Bagamoyo moja, Kilwa moja, Lindi unapita, Mtwara mbili. Siku zinazobaki rudi ukapake rangi nyumba.

#3 Kibibi wa Pangani

#2 kaka yangu, wewe Kilwa umefika au umefika Nangurukuru? Maana basi la Mtwara linasimama Nangurukuru, abiria wananunua korosho dirishani, safari inaendelea. Kilwa Masoko iko zaidi ya kilomita thelathini kuelekea baharini. Na "Lindi unapita" ndiyo kauli ya madereva wote.

#4 Dereva wa Kusi

Kilwa Kivinje nimeingia, nilipeleka msiba. Usinichokoze asubuhi.

#5 Nahodha Mstaafu

Wanangu, kabla ya kuulizana siku ngapi, ulizaneni upepo. Mtu wa barabarani anaangalia mvua tu, lakini huyu anasema anafuata pwani. Bila shaka atataka kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, Maziwe, labda Mafia.

Kusi, upepo wa kutoka kusini, linaanza kushika Aprili, linakuwa na nguvu Juni, Julai na Agosti. Barabara ni kavu, hewa ni ya baridi kidogo, lakini bahari ya nje ina mawimbi na mashua ndogo zinakupiga maji mpaka mfukoni. Kaskazi linakuja Desemba mpaka Machi: bahari inatulia zaidi, maji ni safi, ila joto la Januari ukiwa ndani ya IST utalijua. Katikati yake, Septemba kuelekea Novemba, ni tangambili, upepo haujaamua. Hapo ndipo mimi ningesafiri. Anza Tanga katikati ya Septemba, shuka taratibu, uingie Mtwara katikati ya Oktoba kabla mvua za kusini hazijafika.

Angalia pia mwezi angani. Mwezi mchanga na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa na kutoka zaidi ya mita tatu. Maji mafu yako katikati. Ukipanga kisiwa cha Songo Mnara siku ya bamvua bila kuuliza saa ya maji, utatembea kwenye tope la mikoko umeshika viatu mkononi.

#6 Mla Tasi

Nakazia #5. Mimi niliambiwa na mwenye mashua "dakika kumi tu tunarudi", maji yakatoka, tukakaa kwenye mikoko mpaka usiku tukiliwa na mbu. Hela alichukua kamili, na ndizi zangu akala. Songo Mnara si kama Kisiwani. Kisiwani unakiona ukiwa gatini Masoko, unavuka na wenyeji na kuku wao muda si muda. Songo Mnara ni kazi ya siku nzima.

#7 Bwana Korosho

Mzee wangu #5, shikamoo. Upepo umeusema sawa, ila umemtuma kijana pabaya. Oktoba na Novemba Mtwara na Lindi ni msimu wa korosho. Minada imeanza, wanunuzi, wapima uzito, madalali na madereva wa malori wamejaa kila gesti. Chumba ambacho Juni unachagua dirisha la kuangalia bahari, Oktoba unaambiwa kipo kimoja, feni haifanyi kazi, na bei imepanda.

Pia wa kaskazini mjue: huku hatuna masika na vuli kama nyie. Tuna mvua ya msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili. Kwa hiyo kusini anzeni nako mapema. Njooni Mtwara Juni au Julai, pandeni kaskazini, mmalizie Tanga Agosti.

#8 Nahodha Mstaafu

Marahaba. Na Agosti Pangani kusi linavuma mpaka Maziwe hakuendeki siku nyingine. Atakaa ufukweni kutazama?

#9 Bwana Korosho

Atakula bada, ugali wa muhogo, na samaki. Si amesema hana haraka?

#10 FundiWaMbagala

Tuje kwenye gari maana ndilo litakalowasemesha njiani.

IST kwa lami haina shida, hata kwa familia. Shida ni sehemu tatu. Kwanza Pangani–Mkwaja–Saadani–Makurunge. Barabara hiyo inajengwa kwa lami kwa vipande, na nilipopita daraja la Pangani nguzo zilikuwa zimesimama lakini tulivuka kwa pantoni kwenda Bweni. Ulizia hali ya wiki hiyo hiyo, usitegemee video ya mwaka juzi. Maeneo ya Saadani kuna udongo mweusi. Ukiwa mkavu unapita na tairi za kawaida, ukinyeshewa saa moja tu huendi mbele wala nyuma. Pili ni vijia vya kwenda fukwe ndogo, mchanga mlaini. Tatu Msimbati kwenyewe.

Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi, usikanyage mafuta kwa hasira, beba pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari na kipande cha ubao wa kuwekea jeki. Halafu chumvi! Kila mkikaa karibu na bahari siku kadhaa, pelekeni gari likaoshwe chini kwa maji yasiyo na chumvi. Magari ya Kigamboni nayajua nikiyaona: juu yanang'aa, chini yameliwa.

#11 Kibibi wa Pangani

Wanaozunguka Segera wanakosa mengi, lakini kama mvua ipo, zungukeni tu. Kwa kavu: Tanga, Tongoni kwenye magofu, Kigombe, Pangani mjini. Usikimbie Pangani. Lala, asubuhi tembea ukingo wa mto, angalia majumba ya zamani yanavyobomoka huku watu wanaishi humo humo. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim, Desemba 1889.

Kigombe ni pale wavuvi wanaponasa silikanti, yule samaki wa zamani ambaye wataalamu walidhani alishatoweka zamani za mijusi wakubwa. Kuna hifadhi ya bahari ya Tanga kwa ajili yake tangu 2009. Haliwi vizuri, kwa taarifa ya #6.

#12 Mla Tasi

Sikuwa na mpango. Sasa ninao.

#13 Likoni Wangu

Salamu kutoka Mombasa. Mbona pwani yenu inaanzia Horohoro? Mngeanzia Lamu ndugu zangu. Lamu, Malindi, Gede, Kilifi, Mombasa, Diani, Shimoni, Lungalunga, kisha mwingie kwenu. Huo ndio mwezi. Gari mnaliacha Mokowe, mnavuka kwa boti, Lamu ni punda na miguu.

#14 MtoroWaMjini

#13 wazo zuri sana, ila gari letu ni la namba za Tanzania. Mpakani inakuwaje?

#15 Likoni Wangu

Kadi ya gari yenye jina lako, au barua ya mwenye gari ikiwa si lako. Bima ya kadi ya njano ya COMESA, ukate huko kwenu kabla hujatoka. Kibali cha muda cha gari unapewa hapo hapo Lungalunga, ofisi za nchi zote mbili ziko pamoja. Leseni yako inatambulika. Mimi huja Tanga na gari langu, utaratibu ni huo huo kinyume chake.

#16 Dereva wa Kusi

Garsen kwenda Lamu kwa miaka mingi magari yanasindikizwa na polisi na usiku hakupitwi. Mtu anayetafuta kupumzika unamweka kwenye msafara wa bunduki?

#17 Likoni Wangu

Lami ipo mpaka karibu na Mokowe, na mchana watu wanakwenda na watoto wao. Lakini ni kweli, ulizia hali kabla. Hata kwenu kule Msimbati mnatazamana na Cabo Delgado, na vita vya huko vilianza 2017. Pwani zetu zina ncha mbili zenye kuulizia.

#18 Bwana Korosho

Msimbati kwenyewe watu wanaogelea, hakuna tatizo. Ila msiongoze gari hovyo kuelekea mtoni kutafuta picha. Mkikutana na askari waheshimuni, jibuni mnakotoka na mnakolala. Na pale ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, kuna kiingilio, kalipeni.

#19 Kijana wa Sinza

Samahani naingilia. Hivi kwa nini watu wa Dar tukipata wiki tunapanda boti Zanzibar au gari Arusha, lakini Kilwa hakuna anayekwenda? Nimeangalia picha za Kilwa Kisiwani, nashangaa. Mji aliotembelea Ibn Battuta mwaka 1498, urithi wa dunia, kilomita mia tatu na kitu kutoka Mbagala, lakini hauna foleni.

#20 Bi Mwalimu

Ibn Battuta alifika Kilwa 1331. Mwaka 1498 ni wa Vasco da Gama, na alitia nanga Malindi. Kilwa Wareno waliivamia 1505, ndipo likajengwa lile gereza. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia orodha ya urithi wa dunia 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, yakatolewa 2014 baada ya ukarabati. Endelea na swali lako, ni zuri.

#21 Dereva wa Kusi

Jibu la #19 ni barabara. Vijana hamjui. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 mlikuwa mnavuka Rufiji kwa pantoni, na mafuriko yakija mnakaa ng'ambo mnapika uji. Hata daraja lilipokuja, kipande cha Ndundu–Somanga, kama kilomita sitini, kilitutesa miaka mingine. Nimelala Somanga na abiria wajawazito. Watu walizoea kwamba kusini ni adhabu, na mazoea hayafutiki kwa lami.

#22 Bwana Korosho

Lami imefika zamani mkuu, hiyo sababu imechakaa. Sababu ni kwamba kusini hakutangazwi. Mtoto wa Dar anajua Serengeti kabla hajajua Mikindani. Hapo Mikindani Livingstone ndipo alipoanzia safari yake ya mwisho 1866, lakini kibao chenyewe ukipita na kasi hukioni.

#23 Kibibi wa Pangani

Mimi nasema ni chakula na malazi. Mama wa Dar hawezi kumpeleka mtoto sehemu ambayo ukichelewa saa nane mchana wali umeisha na anayeuza ameenda kulala. Pwani yetu inapika kwa wenyeji, haipiki kwa mgeni.

#24 Mla Tasi

Hilo la saa nane mimi nalisifu. Ukifika Somanga saa tano asubuhi samaki ametoka kwenye mafuta, unakula umesimama kando ya barabara na ndimu na pilipili. Anayetaka menyu abaki Masaki.

#25 Bi Mwalimu

Kuna na sababu nyingine. Wengi wetu hatujafundishwa kusafiri bila shughuli. Unakwenda harusi, unakwenda msiba, unakwenda semina. Ukimwambia mama mkwe "tunakwenda Lindi kutembea tu", anauliza nani anaumwa.

#26 MtoroWaMjini

#25 umepiga penyewe. Mama mkwe tayari ameuliza kama nimefukuzwa kazi.

#27 Mzee wa Kivinje

Mnaijadili Kilwa kama mimi sipo. Watu wanakuja, ila wanalala usiku mmoja kisha wanaondoka na kusema hakuna kitu. Kisiwani peke yake, Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, Makutani, uende taratibu na mwenyeji anayejua visima viko wapi, hiyo ni siku. Kibali unachukua ofisi ya Masoko kabla ya kuvuka. Halafu Kivinje, mji wa zamani ambao miti imeota ndani ya kuta, unahitaji jioni yako. Na mkipita Mohoro kabla ya kufika Somanga, punguzeni mwendo: hapo ndipo Kinjeketile Ngwale aliponyongwa Agosti 1905. Hapana duka la zawadi, ni kijiji tu.

Suala la barabara ninyi mnasema limekwisha. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake zilikata barabara huku kwetu sehemu kadhaa, magari yakakaa pande zote mbili. Kwa hiyo #21 hajachakaa bado. Asije mtu huku Aprili na Mei akalaumu wenyeji.

#28 Kijana wa Sinza

Na Lindi? Kila mtu anapita kweli?

#29 Bwana Korosho

Lindi mjini ukae ufukweni jioni, uvuke na boti kwenda Kitunda ng'ambo ya ghuba, urudi. Ndani ya mkoa kuna Tendaguru, walikochimba Wajerumani kati ya 1909 na 1913 wakaondoka na mifupa ya mijusi wakubwa. Yule mrefu wa mita kumi na tatu amesimama Berlin mpaka leo. Ila IST isijaribu, njia ya huko ni ya gari la juu na mwenyeji.

#30 Dereva wa Kusi

Huyo mjusi tukimrudisha atapitaje daraja la Mkapa?

#31 FundiWaMbagala

Kwa lo-bedi, na trafiki wa Kibiti wataomba kizima moto.

Nikumbushe basi: kizima moto, viakisi viwili, tairi ya akiba yenye upepo, stika za bima ziwe hai. Kwenye vijiji ni 50, na kibao cha 50 kinakaa nyuma ya mwembe. Kusini vijiji vinafuatana, ukidhani umetoka bado upo. Ukipigwa tochi faini ni elfu thelathini, unalipa kwa namba ya malipo, si mkononi. Na baada ya Mnazi Mmoja ya Lindi kwenda Mtwara mtakutana na malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma, msishindane nayo.

#32 Bi Mwalimu

Kuhusu mwezi, hamjataja Ramadhani. Ikikutana na safari, mchana vibanda vingi vya chakula vitakuwa vimefungwa kuanzia Tanga mpaka Mtwara. Lakini jioni! Mnaweza kualikwa futari na watu msiowajua. Inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, angalieni kalenda. Na mavazi: mjini na vijijini khanga begani haimpunguzii mtu kitu, hata ufukwe ukiwa hatua chache.

#33 Likoni Wangu

Mafia je? Imetajwa na nahodha ikasahaulika.

#34 Nahodha Mstaafu

Mafia wanaondokea Nyamisati, mnachepuka kushoto pale Bungu, kabla hamjafika Kibiti. Gari muache bara sehemu yenye mlinzi. Papa potwe wanaonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi. Ndiyo maana nikasema Septemba na Oktoba, #7 akaleta korosho.

#35 Bwana Korosho

Mzee, potwe halali gesti. Mgeni ndiye anayelala.

#36 Dereva wa Kusi

Nina hoja ya kitaalamu juu ya kuanzia wapi. Ukishuka kusini asubuhi, jua liko kushoto, upande wa abiria. Ukipanda kaskazini asubuhi, jua linampiga dereva. Kwa hiyo ashuke. Nimemaliza.

#37 MtoroWaMjini

Yaani mke wangu aungue mwezi mzima?

#38 Kibibi wa Pangani

Mwachie usukani, mkaungue zamu kwa zamu.

#39 MtoroWaMjini

Asanteni wote. Mpaka sasa: nahodha anasema Septemba kushuka, Bwana Korosho anasema Juni kupanda, dereva anataka nirudi kupaka rangi, na Likoni ananitaka Lamu. Mke wangu amesoma uzi wote, anasema tuanze Pangani kwa sababu ya lile bada, mengine tutayajulia huko huko. Likizo nimeomba Septemba, bosi hajasaini.

#40 Bwana Korosho

Septemba mwanzoni basi, na usikae Tanga sana. Ukifika Mtwara kabla ya minada tutaonana.

#41 Nahodha Mstaafu

Tanga utakaa tu. Waja leo hawaondoki leo.

#42 Kijana wa Sinza

Mkuu kiti cha nyuma kina nafasi? Nachangia mafuta mpaka Kilwa.

#43 FundiWaMbagala

Kiti cha nyuma kina pampu, ubao wa jeki na tairi mbili, mimi ndiye niliyemshauri. Panda basi, mwambie #2 akushushe Nangurukuru.

#44 Dereva wa Kusi

Nauli kamili, na korosho ananunua mwenyewe.